Meno Kwenye Picha ya Mama

Siku ile tulikuwa mimi, mdogo wangu Nsimire aliyekuwa na miaka kumi na tano, kitinda mimba wetu Chance aliyekuwa na kumi na mmoja, Maman Espérance wa kanisani aliyekuwa rafiki wa mama, Remedios wa Meksiko aliyetufundisha kukata karatasi, Madame Véronique mkuu wa nyumba ya utamaduni, na mchoraji kijana aliyeitwa Joris. Hao ndio waliokuwa na sababu ya kuwapo. Wengine walikuwa wageni kama arobaini, glasi mkononi, nyuso zimepakwa nyeupe na nyeusi kama mafuvu. Sikuyajua majina yao, na wao hawakuniuliza langu. Lakini ni lazima niwataje, kwa sababu kila ninapoikumbuka siku ile kitu cha kwanza ninachokiona ni midomo yao ikitafuna.

Remedios tumemzika mwezi uliopita, katika mtaa wa Jette hapa Ubelgiji. Kanisani hatukufika watu ishirini. Nilikaa benchi la pili, karibu na yale maua mazito ambayo Wabelgiji hupeleka makaburini kila Novemba, na harufu yake ikanirudishia kichefuchefu cha mwaka 2009 kana kwamba sikuwahi kukitapika. Huzuni ya kufiwa na mama ilinitoka polepole, jinsi inavyomtoka kila mtu mwenye kazi za kufanya. Kinyaa ndicho kilichobaki. Wengine wakikumbuka ujana wao husikia muziki au harufu ya chakula. Mimi nasikia ulimi wangu ukijaa mate machungu, na kwa muda mrefu niliona aibu kusema hivyo mbele ya watu waliosoma kuliko mimi.

Mama alifariki Januari ya mwaka ule katika hospitali ya Woluwe-Saint-Lambert. Kufika Machi nilikuwa nimeacha shule, mwaka mmoja kabla ya kumaliza, na nimepata kazi ya usafi katika nyumba ya utamaduni ya mtaa, hatua chache kutoka uwanja wa Flagey. Jengo lilikuwa kiwanda cha uchapaji zamani. Lilikuwa na ukumbi mmoja mkubwa, ofisi mbili, na jiko lenye mashine ya kahawa na harufu ya kitambaa kilicholowa. Kazi ya usafi hukufundisha watu upesi. Baada ya mwezi mmoja nilijua nani hubandika ubani wa kutafuna chini ya meza, nani huacha nywele kwenye sinki, na nani humwaga supu kwenye chungu cha maua halafu anasimama jukwaani jioni kuzungumzia heshima. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nakwangua, nafuta, nakwenda nyumbani kupika.

Ili yaliyofuata yaeleweke, ni lazima niseme juu ya matanga ya mama. Tuliyafanya katika ukumbi wa kukodi ambao funguo zake zilitakiwa kurudishwa saa kumi na mbili jioni. Watu walikuwa bado wanaimba wakati mwenye ukumbi alipoanza kupandanisha viti. Maman Espérance alikuwa amependekeza tuchape fulana zenye picha ya mama, kama wanavyofanya wengi wetu, na mimi nilikataa. Mama mwenyewe alichukia fulana zile. Alikuwa akisema hapendi kuona sura ya marehemu imenyooshwa juu ya tumbo la mlevi, ina doa la bia kwenye jicho. Kwa hiyo hatukuchapa kitu. Tulikuwa na picha moja tu, ile tuliyotoka nayo Bukavu: mama amesimama mbele ya ukuta wa bluu, kitenge cha kijani, mkoba begani, anacheka mdomo wazi. Niliiweka mezani juu ya kitambaa cheupe, na baada ya matanga nikairudisha kwenye bahasha yake. Nilijiona nimelinda heshima ya mama. Nilikuwa na miaka kumi na tisa.

Septemba akaja Remedios. Alikuwa mwanamke mfupi, mikono mikavu yenye makovu madogomadogo, na kazi yake ya kila siku ilikuwa kumtunza kikongwe mmoja Mbelgiji huko Jette. Nyumba ya utamaduni ilikuwa imemwomba awafundishe watu wa mtaa kutengeneza madhabahu ya wafu kama ya kwao. Nilikuwa napiga deki alipofungua mzigo wake. Hakutoa mkasi. Alitoa nyundo na patasi ndogo kama thelathini, akaweka karatasi nyembamba arobaini za rangi zimelaliana, akaanza kugonga. Alipozipeperusha, kila karatasi ilikuwa na ndege yuleyule na ua lilelile. Akanitazama na deki langu.

“Wewe una bega,” aliniambia kwa Kifaransa chake kibovu, ambacho kilikutana vizuri na changu. “Weka hilo fimbo, njoo ugonge.”

Niligonga kila alasiri kwa wiki sita. Alinieleza huku tukifanya kazi. Kwao wafu hurudi mara moja kwa mwaka, mwanzoni mwa Novemba, wakiwa na njaa na uchovu wa njia. Unawawekea maji, chumvi, mkate, chakula walichokipenda, na picha ili wajue ni wapi pa kukaa. Baba yake alikuwa fundi wa sanamu za karatasi na gundi, za watakatifu na za mafuvu, na mtaa mzima ulikuwa ukija uani kwao kusaidia kupaka rangi. Nilimuuliza kama mafuvu yale hayakuwa dhihaka. “Ni dhihaka,” alisema, “lakini kwetu sisi, siyo kwao.” Sikuelewa. Nilichoelewa ni kwamba hapa palikuwa na watu ambao hawamfukuzi marehemu kwa sababu ya funguo. Nikaamua kwamba mama atapata matanga yake yaliyokatizwa, na nitaleta picha.

Nsimire alisikia habari hiyo tukiwa mezani, bugali ikifuka moshi.

“Usipeleke ile foto, yaya,” aliniambia, kwani kwetu yaya ni dada mkubwa. “ Peleka photocopie.”

“Photocopie? Mama akuye atafute kiti yake kwa photocopie?”

“Mama hatakuya. Mama alikufa.”

“Mais akikuya,” Chance akasema huku anavunja tonge, “atanikuta na pyjama?”

Nsimire akamrushia kipande cha bugali, tukacheka, na kwa kuwa tulikuwa tumecheka nilihesabu kwamba tumekubaliana. Hatukuwa tumekubaliana. Picha ilikuwa yetu watatu, na niliitoa peke yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikileta chakula na nilikuwa nimeanza kuzoea kuamua. Kosa lile ni langu. Yaliyofanywa na wengine yalikuja juu yake.

Asubuhi ya siku yenyewe nilipika tangu saa kumi na mbili. Sombe, yaani majani ya muhogo, yenye mawese, bugali, na sambaza wakavu, dagaa wa ziwa la kwetu, niliowanunua katika maduka ya Matonge, nikawakaanga na nyanya na kitunguu jinsi mama alivyowapenda, hadi vichwa vinavunjika mdomoni. Nilivipanga kwenye sahani nyeupe chini ya picha yake, na glasi ya maji pembeni. Madhabahu ilikuwa ngazi tatu zilizofunikwa kitambaa, maua ya karatasi ya rangi ya machungwa kila mahali, karatasi zetu zikining'inia juu. Kulikuwa na picha nyingine tisa. Moja ilikuwa ya mbwa. Maman Espérance, aliyekuja kukagua, alisimama mbele yake akiwa ameshika mkoba wake kifuani kwa mikono miwili.

“Mama yako iko karibu na imbwa?”

“Remedios anasema hata imbwa inarudiaka, maman.”

“Irudie kwao.” Akaisogeza picha ya mbwa ngazi moja chini, akajipangusa vidole. “Bon. Sasa ni mzuri.”

Saa tisa nilikwenda nyumbani kuoga na kuwachukua wadogo zangu. Remedios alikuwa amekwenda Jette kumlisha kikongwe wake. Tuliporudi, ukumbi ulikuwa umejaa. Nilikuwa nimetarajia viti vimepangwa ukutani, wanawake wameketi, sauti za chini. Hakukuwa na kiti hata kimoja. Mvulana mmoja alikuwa akipaka wageni mafuvu usoni mlangoni, muziki ulipigwa kwa nguvu, divai ilikuwa mezani. Mwanamume mwenye ndevu, fuvu lake limeanza kuyeyuka kwa jasho, alichukua sambaza kwa vidole kwenye sahani ya mama. Akatafuna. Akakunja uso, akamtema kwenye leso ya karatasi, akatazama huku na huku kutafuta pipa, hakuliona, akaiweka leso ndani ya sahani, juu ya sombe. Mwanamke aliyekuwa naye alicheka mpaka akapaliwa, akachukua glasi ya mama akanywa maji yote. Rangi nyeusi ya midomo yake ilibaki kwenye ukingo. Naandika haya miaka kumi baadaye, na bado nauona ukingo ule.

Nilikuwa nasogea kuitoa leso ile Chance aliponivuta nguo.

“Yaya, mama walimufanya nini?”

Macho ya mama yalikuwa mashimo meusi mawili. Pua ilikuwa pembetatu nyeusi. Juu ya kicheko chake kulikuwa na safu ya meno meupe yenye mistari kati yake, kama mshono wa gunia. Picha zote kumi zilikuwa hivyo, hata ya mbwa. Joris alikuwa amesimama pembeni na kalamu zake za rangi mfukoni, anawaeleza watu wawili kwamba picha zilikuwa hazifanani, kwamba alitaka kuzifanya ziwe kazi moja. Nilimuuliza nani amempa ruhusa. Alinitazama kwa upole, nafikiri alidhani nimefurahi kiasi cha kukosa maneno. Madame Véronique akaja mbio.

“Lakini ni nakala,” alisema. “Watu wote walileta nakala.”

Niliigeuza picha. Nyuma kulikuwa na muhuri wa studio ya Bukavu na mwandiko wa mama. Shingo ya Madame Véronique ikawa nyekundu, kisha masikio. “Mungu wangu,” alisema. “Kwa nini ulileta yenyewe?”

Maman Espérance akanijibia, kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu anayehesabu sahani zilizovunjika. “Ungeitika ma-T-shirt, leo tungekuwa na mama yako trente-cinq, thelathini na tano nzima. Weye ulisema tumbo ya balevi. Alors, angalia sasa. Balimutia meno ya mufu.” Nsimire alikuwa amemfunika Chance macho kwa kiganja, na alikuwa ananitazama mimi, siyo Joris. Nilikwenda kwenye chumba cha ndoo nikatapika kwenye sinki, halafu nikalisafisha sinki lile kwa sabuni na brashi, kwa sababu kesho yake ningelisafisha mimi hata hivyo.

Remedios alifika na koti lake la kazini bado mwilini. Aliitazama madhabahu ngazi kwa ngazi. Kisha alimwendea Joris, aliyekuwa mrefu kumshinda kwa kichwa kizima, akamwambia polepole ili kila mtu aelewe: “Fuvu anachorwa aliye hai. Ni yeye anayejidai hatakufa. Aliyekufa anaachiwa uso wake. Atarudi na nini?” Muziki ulikuwa umezimwa. Mtu mmoja alipiga makofi, akidhani ni sehemu ya onyesho. Remedios aliichukua picha ya mama, akaifunga kwenye karatasi moja ya waridi, akaitia kifuani. “Msiiguse kwa maji,” aliniambia. “Njoo Jumapili.”

Asubuhi iliyofuata nilikuta ujumbe kwenye mlango wa jiko: tafadhali tupa vyote kabla ya adhuhuri, ukumbi una kikao. Nilikuwa nimeshika mfuko wa taka wazi Remedios alipoingia akanipokonya. Maji yaliyobaki kwenye glasi za wafu wengine tuliyamwaga kwenye mizizi ya mti ulioko barabarani. Chakula, alisema, huliwa na waliokiweka. Aliitoa leso ya yule mwanamume kwa ncha za vidole viwili, akaikata sombe upande ulioguswa na leso, akachukua tonge la bugali iliyolala. “Mama yako ni mgeni aliyealikwa,” alisema. “Asije akaambiwa sahani yake ilitupwa na bintiye.” Nilikula nikiwa nimefumba macho, sambaza baridi, mafuta yameganda. Kila tonge lilitaka kurudi. Nililishusha.

Madame Véronique aliniletea maua na barua. Alijitolea kumtafuta mtu wa kompyuta ambaye angeuchora mdomo upya. Nilimshukuru nikakataa. Ungekuwa mdomo wa nani? Nilibaki kazini pale miaka minne zaidi, nikaing'arisha sakafu ile, kwa sababu wadogo zangu walikuwa wanasoma. Sikumwamkia Joris hata siku moja.

Jumapili zote za majira ya baridi tulikuwa Jette, katika jiko la yule kikongwe. Lilinukia supu ya liki na dawa ya kuchua. Redio ya chumbani ilikuwa ikisoma misa, na kikongwe mwenyewe alikoroma. Remedios aliweka picha chini ya taa, akazungusha pamba kwenye kijiti cha meno, akaitia mdomoni mwake, akaitoa, akaanza kuipitisha juu ya jicho jeusi. Nilimshika mkono. Mate ya mtu, juu ya uso wa mama!

“Maji hukimbia yanakotaka,” alisema. “Mate hukaa unapoyaweka. Baba yangu aliwasafisha watakatifu wote hivi.” Alinitazama. “Mama yako hakuwahi kukufuta uso kwa mate yake?”

Alinifuta. Kila Jumapili, mlangoni mwa kanisa, kwa ncha ya kitenge, na mimi nilichukia. Nikaachia mkono.

Jicho moja lilichukua Jumapili tatu. Pamba ilitoka nyeusi, akaitupa, akazungusha nyingine. Nsimire alikuwa anakuja nasi kwenye tramu na kukaa mwisho wa meza, mikono imekunjwa, hasemi na mimi. Alikuwa hasemi na mimi tangu siku ile, isipokuwa juu ya chumvi na funguo. Siku jicho la kushoto lilipotokea, rangi imepauka lakini ni lenyewe, lina ule mkunjo wa pembeni, aliinuka akainama juu ya taa. “Njo yeye,” alisema, yaani ndiye mwenyewe. Akatoka kusimama barazani kwenye mvua.

Februari tulifika mdomoni. Remedios alipitisha pamba mara mbili, akaigeuza, akasita. Haikuwa nyeusi wala nyeupe. Ilikuwa ya kahawia. Ilikuwa inatoka rangi ya picha yenyewe. “Hapa yule kijana aliminya kalamu,” alisema, akaweka kijiti chini. Nilimwomba aendelee. Alikataa. “Nikikosea jicho, utanisamehe. Mdomo hutanisamehe, wala hao wadogo zako. Huu ufanye kwa mkono wako, ukiwa tayari.” Alinirudishia picha, akaanza kunifundisha. Nilinunua picha za zamani za watu nisiowajua kwenye soko la mitumba, tukazichora meno kwa kalamu ileile, nikajizoeza kuyafuta. Nimewafutilia mbali midomo watu wengi ambao hawakunikosea kitu. Kila nilipoharibu alisema, “Tena.” Alisema hivyo hadi mwaka jana, akiwa kitandani, hawezi tena kushika kikombe.

Baada ya kumzika tulikula kwangu, sisi watatu. Nsimire sasa ni muuguzi. Chance ana miaka ishirini na mmoja, sauti kama ya tarumbeta. Nsimire alikuwa wa kwanza kuanza.

“Mama alikuwa na mwanya, hapa mbele.”

“Hakukuwa na mwanya,” nilisema. “Ilikuwa jino moja lililopanda lingine.”

“Yaya, acha bujinga. Mwanya. Alikuwa anapitisha ulimi.”

“Ilikuwa jino.”

Tukamgeukia Chance atuamulie. Aliendelea kukwangua sahani yake.

“Miye sikumbuke,” alisema. “Sikumbuke hata kidogo. Miye naonaka ile meno ya Joris tu. Hata nikimuota, anasema na miye na ile meno.”

Hakuna aliyekula tena. Nsimire alikusanya sahani, na aliponipita alisema kwa sauti ndogo, bila ukali, jinsi anavyosema na wagonjwa wake: “Unataka tuungoje ule mdomo mpaka lini?”

Jumapili iliyopita niliwasha taa, nikazungusha pamba, nikaitia mdomoni. Rangi ya kalamu ina ladha ya chuma na sabuni, nililazimika kutema mara kadhaa kwenye sinki, na mara moja nilikaribia kutapika kama siku ile. Joris alichora meno kumi na mawili. Kufikia magharibi nilikuwa nimefuta moja, la mwisho upande wa kushoto. Chini yake kuna pembe ya mdomo wa mama, imechubuka kidogo, imepanda juu. Nilimpigia Chance aje aione. Alikaa nayo chini ya taa muda mrefu, akaiweka chini taratibu akanawa mikono. Yamebaki kumi na moja, na yote ni deni langu.